Imeji za diski za Macintosh za zamani: programu ipi ushike, ipi uiweke pembeni

Kama una Macintosh ya zamani inayowaka, iwe Plus, SE, Classic, LC au zile PowerPC za mwanzo, au huna mashine yenyewe ila unacheza na emuleta (programu inayoiga Mac ya zamani ndani ya kompyuta ya kisasa), mapema sana utakutana na hii habari ya imeji za diski, yani faili moja lililobeba nakala ya diski nzima, na hapo ndo wengi wanachanganyikiwa maana programu ni nyingi, majina yanafanana, na faili lenye .img huku halifanani hata kidogo na faili lenye .img kule. Nimeziweka pamoja hapa zile ninazozijua vizuri, nikizilinganisha kwa jambo moja ambalo naona ndo muhimu kuliko yote: imeji ukishaitengeneza, nani mwingine ataweza kuisoma? Programu inaweza kuwa nzuri, ina vitufe vizuri, inabana faili mpaka nusu, lakini kama inakuachia faili ambalo haliwezi kutoka nje ya ile Mac iliyolitengeneza basi bakapu yako ina maisha mafupi.

Mwenye haraka achukue hili kwanza. Flopi zako unataka zidumu: imeji ghafi (data ya diski tupu, bila chochote cha ziada) au fomati ya Disk Copy 4.2, basi. Unataka tu kutoa mafaili kutoka kwenye imeji ukiwa kwenye kompyuta ya kisasa: CiderPress II au HFSExplorer. Flopi za 400K na 800K na huna Mac ya kuzisoma: Greaseweazle. Michezo yenye kinga ya kunakili: Applesauce. Mengine yote ni maelezo ya kwanini, na kwenye kwanini ndo kuna utamu.

Foku mbili, chanzo cha matatizo mengi

Kabla ya kulinganisha chochote lazima hili lieleweke. Faili la Mac ya zamani lina sehemu mbili ndani yake, foku ya data na foku ya risosi. Foku ya data ni baiti za kawaida kama faili lolote unalolijua. Foku ya risosi ndo inabeba ikoni, menyu, madirisha, na kwa programu za 68k (Mac za kabla ya PowerPC) hata kodi yenyewe ya programu inakaa humo. Juu ya hapo kila faili lina herufi nne za aina na herufi nne za programu iliyolitengeneza, na Mac ya zamani inaangalia hizo, haiangalii .img wala .dsk mwishoni mwa jina.

Sasa ukikopi faili la namna hiyo kwenda Windows, au kwenye flashi ya FAT, au ukalipitisha kwenye programu ya zip isiyojua Mac, foku ya risosi inabaki njiani na zile herufi zinapotea. Kwa macOS ukikopi kwenda FAT utaona vifaili vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, ._ halafu jina, hivyo ndo vimebeba foku ya risosi, watu wanavifuta wakidhani ni uchafu. Ndo maana zamani mafaili yalikuwa yanafungwa kwanza kwa BinHex (.hqx), MacBinary (.bin) au StuffIt (.sit) kabla ya kutumwa popote, ile kazi haikuwa urembo.

Kwahiyo imeji za diski zipo za aina mbili kubwa: zile ambazo kila kitu kipo kwenye foku ya data, na zile ambazo sehemu muhimu ipo kwenye foku ya risosi. Za kwanza unaweza kuzirusha popote, za pili ukizishika vibaya mara moja tu zimekwisha. Ukilijua hilo mengi huko chini yanajieleza yenyewe.

Disk Copy 4.2

Hii ni programu ya Apple yenyewe, ya flopi tu, inasoma diski na kuandika diski, haimaunti imeji (haiifungui kwenye desktopu kama diski), haibani, haina mbwembwe. Inafanya kazi kwenye System 6 na kwenye mashine ndogo kabisa ambazo programu za baadae hazitaki hata kufunguka. Sura yake ni ya kizamani kweli na kwa matumizi ya kila siku inachosha, unasoma diski moja, unaitoa, unaweka ingine, lakini fomati iliyotuachia ndo fomati bora ya flopi za Mac mpaka leo na nasema hivyo bila kusita.

Sababu ni kwamba ni rahisi mno. Faili linaanza na heda, yani maelezo ya utangulizi, ya baiti 84, ndani yake kuna jina la diski, ukubwa wa data, ukubwa wa tagi (baiti chache za ziada za kila sekta), cheksamu mbili (namba za kuhakikisha data haijabadilika), aina ya diski, na kwenye baiti ya 82 na 83 kuna 01 00 kama alama ya utambulisho. Baada ya heda inafuata data yote ya sekta moja baada ya nyingine, halafu mwishoni tagi. Yote hayo yapo kwenye foku ya data. Flopi ya 800K ina sekta 1600 za baiti 512, yani baiti 819,200, ukiongeza tagi baiti 12 kwa kila sekta inakuwa 19,200 zaidi, na heda 84, jumla 838,484. Ukiona faili lina ukubwa huo kamili, hata kama limepoteza jina na kila kitu, ujue umeshika imeji ya Disk Copy 4.2 ya diski ya 800K. Ya 400K yenye tagi inakuwa 419,284, na ya 1.44MB ambayo haina tagi inakuwa 1,474,644.

Uzuri wake ni kwamba hata ukikosa programu yoyote ya kuifungua unaweza kuivua heda kwa mkono. Kwenye teminali ya Linux au macOS:

tail -c +85 diski.image | head -c 819200 > diski.dsk

Hapo umeruka heda, umechukua data peke yake, tagi umeziacha, na ulichobaki nacho ni imeji ghafi ambayo karibu kila kitu kinaisoma. Programu gani ingine ya miaka hiyo inakuruhusu kuokoa kazi yako kwa mstari mmoja hivyo?

Cheksamu nayo ni jambo kubwa. Ukiifungua imeji na Disk Copy, inapiga hesabu upya na kulinganisha na ile iliyopo kwenye heda, kama baiti moja imeharibika utaambiwa. Imeji ghafi haina kitu kama hicho, ikiharibika imeharibika kimyakimya mpaka siku unaihitaji. Ukihifadhi imeji ghafi basi weka pembeni cheksamu yako mwenyewe ya SHA-256 au hata MD5.

Kuhusu tagi, kwa Mac ya kawaida hutazikosa sana, mfumo wenyewe baadae uliacha kuzijali. Ila kama una diski za Lisa, kompyuta ya Apple iliyoitangulia Mac, usithubutu kuzitupa, Lisa inazitegemea kwelikweli, na kwa diski hizo imeji ghafi haitoshi maana haina nafasi ya tagi kabisa. Hapo Disk Copy 4.2 ndo jibu.

Tatizo linalosumbua watu: umeshusha imeji ya 4.2 kutoka mtandaoni, umeipeleka kwenye Mac ya zamani, unafungua Disk Copy na faili halionekani kwenye orodha. Halijaharibika hilo, limepoteza tu zile herufi za aina. Fungua ResEdit, programu ya Apple ya kuhariri risosi na hizo herufi, weka aina dImg na mtengenezaji dCpy, hifadhi, litaonekana hapohapo.

Disk Copy 6.3.3

Jina ni lilelile lakini hii ni programu ingine kabisa, ya enzi za System 7 kwenda mbele. Kwa kuitumia ukiwa umekaa mbele ya Mac ni tamu kuliko zote: unaburuta faili la imeji unaliachia juu yake, diski inatokea kwenye desktopu kama umeingiza flopi, inabana, inatengeneza imeji za folda nzima au za CD, inasoma hata imeji za 4.2 na kuziandika kwenye flopi halisi. Kama una Quadra au Power Macintosh yenye Mac OS 8 au 9, weka hii, usifikirie mara mbili.

Ila fomati yake, inayoitwa NDIF, ndo ninayowaonya watu nayo. Ramani inayosema kipande gani cha data kiko wapi na kimebanwaje inakaa kwenye foku ya risosi. Foku ikipotea, kama imeji ilikuwa imebanwa, kilichobaki ni rundo la baiti zisizo na ramani. Na ndo hayohayo kwa zile imeji zinazojimaunti zenyewe, .smi, ambazo ni programu na imeji kwa pamoja. Mfano unaojulikana na kila mtu ni System 7.5.3 ambayo Apple waliitoa bure ikiwa imekatwa vipande 19, kipande cha kwanza ni .smi kilichofungwa kwa MacBinary. Ukizishusha zote kwenye Windows, ukavifungua huko, halafu ukazipeleka kwenye Mac, hamna kitu kitafunguka. Zipeleke zikiwa bado zimefungwa, uzifungue ukiwa ndani ya Mac yenyewe au ndani ya emuleta, weka vipande vyote kwenye folda moja, ndipo ubofye cha kwanza.

Kwahiyo kwangu mimi Disk Copy 6.3.3 ni ya kutumia, NDIF si ya kutunzia. Ukiwa na imeji za NDIF leo, zigeuze ukiwa bado na kitu cha kuzisoma. Mac yenye Mac OS X ya zamani kidogo inafanya hivyo kwa teminali:

hdiutil convert zamani.img -format UDTO -o mpya

utapata faili la mpya.cdr ambalo ni ghafi, badili jina tu. Huna Mac ya namna hiyo? Fungua SheepShaver, emuleta ya Mac za PowerPC, yenye Mac OS 9.0.4, Disk Copy ndani yake, maunti ile NDIF, kisha vuta mafaili uyaweke kwenye diski ghafi ya emuleta. Ni kazi ndefu kidogo ila ukishamaliza huirudii tena. macOS za miaka ya karibuni usizitegemee kwa NDIF.

ShrinkWrap na DART, kwa ufupi

ShrinkWrap iliandikwa na Chad Magendanz na baadae ikaenda Aladdin Systems, walewale wa StuffIt. Kipindi ambacho Disk Copy ya Apple ilikuwa bado haimaunti imeji, hii ilikuwa mkombozi, na mpaka leo kama una mashine ya System 7 na una imeji nyingi za kugeuza kutoka fomati moja kwenda ingine inafaa sana. Inaelewana vizuri na StuffIt. Nisingeiweka juu ya Disk Copy 6.3.3 kwa mtu anayeanza, ila ukiikuta kwenye mashine usiifute.

DART ni ya Apple pia, ilikuwa inabana diski kwa ajili ya kuzihifadhi na kuzisambaza. Faida ya kubana flopi ya 800K kwa sasa hamna kabisa, nafasi ipo tele, halafu zana za kisasa zinazoisoma ni chache. Ukikutana na faili la DART ligeuze uendelee na maisha.

Ukiwa kwenye kompyuta ya kisasa

Watu wengi siku hizi hawakai mbele ya Mac ya zamani, wanakaa mbele ya laptopu na wana imeji wanataka kuona ndani. Hapa ushindani ni mkali kidogo.

Kwanza tuondoe matumaini ya bure: macOS yenyewe imeacha. Tangu Mac OS X 10.6 ya 2009 huwezi kuandika kwenye diski za HFS ya zamani, mfumo wa mafaili wa Mac hizo, na tangu Catalina ya 2019 hata kuzisoma haiwezi. Kwahiyo mtu mwenye Mac mpya hana nafuu yoyote kumzidi mwenye Windows, wote wanahitaji programu ya nje. MFS ndo usiulize, ule mfumo wa mafaili wa 1984 wa diski za 400K usio na folda za kweli.

hfsutils ni ya mkongwe wa Linux, toleo la 3.2.6 la 1998 na bado inafanya kazi yake. Unaandika hmount na jina la imeji, hls kuona orodha, hcopy kutoa au kuingiza, humount ukimaliza. Nguvu yake iko kwenye hcopy, manake unachagua mwenyewe faili litoke vipi: -m linatoka likiwa MacBinary na foku zote mbili salama, -b linatoka BinHex, -t ni maandishi yenye kubadilishwa mwisho wa mistari, -r ghafi foku ya data tu. Ukiisahau -m kwenye programu ya Mac, umetoa ganda. Mapungufu yake: HFS tu, haijui MFS, haijui HFS+, na imeji ya Disk Copy 4.2 inaikataa kwa sababu ya zile baiti 84 za mwanzo, mpaka uivue heda kwanza. Kwa mtu anayeandika skripti za kushughulikia imeji mia kwa mkupuo bado ni chombo kizuri.

HFSExplorer inaendeshwa kwa Java, ina dirisha, inasoma HFS, HFS+ na hata .dmg za Mac OS X. Inasoma tu, haiandiki kitu. Kwa mtu asiyependa teminali na anataka tu kutoa picha au maandishi yake ya zamani, hii inatosha na kwakuwa haiandiki huna hofu ya kuharibu chochote, hilo naliona ni faida.

CiderPress II ndo ninayoipa kura kwa sasa. Asili yake ni Apple II lakini inashughulika na Mac za zamani vizuri: inaandika na kusoma HFS, inasoma MFS, inafungua imeji ya Disk Copy 4.2 bila kuvuliwa heda, inajua MacBinary na AppleDouble (ile ya vifaili vya ._). Kwenye Windows ina dirisha kamili, unaona mafaili, aina, mtengenezaji, foku zote mbili na ukubwa wake. Kwenye Linux na macOS utatumia amri ya cp2 kwenye teminali. Ukiniuliza kati ya hizi tatu uweke ipi na ukae nayo, ni hii, hasa kama una diski za 400K maana hfsutils haiwezi kukusaidia hapo.

Flopi zenyewe: Greaseweazle au Applesauce?

Haya, hayo yote ni kama imeji tayari unayo. Kama una sanduku la flopi halisi habari inabadilika.

Flopi ya Mac ya 1.44MB haina shida, draivu yoyote ya USB inaisoma, kwenye Linux unatumia dd au ddrescue kama diski imechoka, umemaliza. Lakini 400K na 800K draivu ya USB haitazisoma kamwe hata uibembeleze vipi. Mac ilikuwa inabadilisha kasi ya kuzungusha diski kulingana na treki, kutoka kama mizunguko 394 kwa dakika treki za nje mpaka 590 za ndani, ili treki za nje zibebe sekta 12 na za ndani kabisa 8, na data imeandikwa kwa mtindo unaoitwa GCR wakati draivu ya PC inategemea mtindo mwingine, MFM, kwa kasi moja ya 300. Kidhibiti kilichopo ndani ya draivu ya USB hakijui lugha hiyo, na hamna programu ya kukirekebisha.

Greaseweazle inalizunguka tatizo hilo kwa kuacha kusoma sekta kabisa. Ni bodi ndogo ya chanzo wazi, unaiunganisha na draivu ya kawaida ya PC ya inchi 3.5, ile ya kebo pana siyo ya USB, nayo inarekodi fluksi, yani muda kati ya badiliko moja la sumaku na lingine, halafu programu kwenye kompyuta inatafsiri. Kwakuwa hesabu zinafanyika kwenye programu, kasi tofauti siyo tatizo tena, treki iliyoandikwa kwa kasi kubwa inaonekana tu ina mabadiliko yaliyotanuka. Amri ni fupi:

gw read --format=mac.800 diski.img

na itakuchorea ramani ya sekta zilizosomeka na zilizogoma. Ushauri wangu, kama diski ni ya thamani kwako isome kwanza kuwa .scp ambayo ni fluksi yenyewe, halafu uigeuze kuwa .img baadae. Diski inaweza kukupa nafasi moja tu, kuna flopi za miaka hiyo ambazo sumaku inabanduka na kubaki kwenye hedi ya draivu, ukiona mstari unaong'aa juu ya diski simamisha, safisha hedi kwa spiriti kabla ya kuweka ingine, la sivyo uchafu wa diski moja utakwaruza zinazofuata. Fluksi ukiwa nayo unaweza kujaribu kuitafsiri hata mara ishirini bila kuigusa diski tena.

Applesauce ni chombo kilichojengwa kwa ajili ya Apple hasa, kinatumia draivu za Apple zenyewe, na programu yake ni ya macOS tu, hilo peke yake linawatoa wengi. Lakini inapokuja kwenye michezo na programu zenye kinga ya kunakili hakuna kinachoifikia. Zile kinga zilikuwa zinacheza na vitu ambavyo imeji ya sekta haina mahali pa kuviandika: treki zisizo za kawaida, sekta zenye makosa ya makusudi, muda kati ya sekta. Imeji ghafi au ya 4.2 itakopi kila sekta vizuri na mchezo bado utakataa kufunguka kwa sababu kilichokuwa kinatafutwa hakipo. Applesauce inatoa fomati ya MOOF, jina limetokana na sauti ya yule ng'ombe-mbwa Clarus wa Apple, na fomati hiyo inahifadhi mpaka hayo. Emuleta za MAME na Snow zinaisoma MOOF moja kwa moja.

Kwahiyo diski zako binafsi, barua, picha, kazi za shule: Greaseweazle, bei yake ni ndogo zaidi na inatosha kabisa. Unahifadhi programu asili kwa ajili ya kumbukumbu na una Mac ya kisasa: Applesauce, bila mjadala.

Imeji ya hadidiski: LK au ER?

Sehemu hii inawachosha watu kuliko zote, na ukiielewa utaokoa jioni nyingi. Imeji ya hadidiski ipo ya namna mbili. Moja ni ya volyumu peke yake, imeanza moja kwa moja na mfumo wa mafaili. Ingine ni ya kifaa kizima, ina ramani ya partisheni, ina draiva ya SCSI (njia ya kuunganisha hadidiski kwenye Mac za zamani) ya Apple, halafu ndani yake ndo volyumu. Mwisho wa jina hauwezi kukwambia ni ipi, lakini baiti mbili za mwanzo zinakwambia:

xxd -l 2 faili

Ukiona 4c4b, yani LK, hiyo ni volyumu yenye vibloku vya kubuti. Ukiona 4552, yani ER, hicho ni kifaa kizima. Ukiona sifuri tupu inaweza kuwa volyumu isiyobuti, ruka baiti 1024 uangalie hapo (xxd -s 1024 -l 2 faili): 4244 ni HFS, d2d7 ni MFS, 482b ni HFS+. Na kama mwanzo hauelewi kabisa, angalia baiti ya 82 kama kuna 0100 ya Disk Copy 4.2, au baiti 512 za mwisho kama zinaanza na koly, hiyo ni .dmg ya Mac OS X na Mac ya zamani haina habari nayo.

Mini vMac inataka volyumu, na ndo emuleta nyepesi ya Mac Plus, unahitaji faili la ROM la 128K (nakala ya chipu yenye programu ya msingi ya Mac) na imeji, basi. Ina vijiprogramu viwili, ImportFl na ExportFl, vya kuingiza na kutoa mafaili, fomati yake ni ghafi ingawa 4.2 nayo inaielewa. Ukiweka imeji ya 4.2 humo weka kopi, siyo ile ya akiba, kwa sababu mfumo ukiandika chochote ndani cheksamu ya kwenye heda inaweza isilingane tena na data. Basilisk II ni kwa wanaotaka rangi na System 7 mpaka Mac OS 8, ina folda ya pamoja kati ya kompyuta yako na emuleta na hiyo peke yake inakupunguzia haja ya kuchezea imeji kila mara.

Kwenye mashine halisi ndo tofauti ya LK na ER inauma. Floppy Emu inachomekwa kwenye bandari ya flopi, inajifanya flopi au ile hadidiski ya HD20, na ikiwa HD20 inataka imeji ya volyumu, ileile unayotumia Mini vMac, unaikopi kwenye kadi ya SD na inabuti. BlueSCSI inachomekwa kwenye SCSI na inataka kifaa kizima, kwa jina linaloanza na HD na namba ya SCSI, mfano HD10_512.hda ni SCSI namba 1. Ukichukua imeji ya Mini vMac ukaibadilisha jina tu ukaiweka kwenye BlueSCSI, Mac haitaiona, kwa sababu inatafuta draiva mwanzoni mwa diski na haipo. BlueSCSI haina kosa wala kadi haina kosa. Ipitishe kwenye Disk Jockey, ambayo inachukua volyumu na kuivika ramani ya partisheni na draiva, au tengeneza imeji tupu uifomati ndani ya Mac yenyewe kwa Apple HD SC Setup toleo la 7.3.5 lililofanyiwa pachi, lile la kawaida lilikuwa linakubali diski zenye nembo ya Apple tu.

Nani achague ipi? Mac isiyo na SCSI, kama 512Ke, haina njia ingine, ni Floppy Emu. Plus na SE zina nafasi ya zote mbili, na hapo ningenunua BlueSCSI kwa kazi za kila siku maana kasi ya SCSI na ya bandari ya flopi hazikai meza moja, halafu Floppy Emu kama una flopi nyingi za 400K na 800K unazotaka kuzijaribu bila kuchakaza draivu. Kuanzia LC na Quadra kwenda mbele, BlueSCSI moja kwa moja.

Na kabla hujaibeba imeji mpaka kwenye mashine, ijaribu kwanza kwenye Infinite Mac, ni emuleta inayokaa ndani ya brauza, huhitaji kuweka chochote, unaburuta imeji yako ndani ya dirisha na kuona kama inafunguka. Ikifunguka huko ikagoma kwenye Mac yako, rudi kwenye xxd uangalie zile baiti mbili, uwezekano mkubwa umeweka LK mahali panapotaka ER.